Mkwe Alipotaka Kiti cha Ngozi

"Ulinyamaza! Usiniambie hukunyamaza. Baba amekuuliza mbele ya watu, wewe ukaangalia kucha za miguu kama mtu aliyeangusha sindano."

"Nabwire, sikunyamaza. Nilikuwa nafikiri."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi! Kwani kuna cha kufikiri? Mimi upande huu, kiti cha baiskeli upande huu, na wewe unafikiri?"

Nabwire alikuwa amesimama katikati ya jiko langu na mwiko mkononi. Kituyi alikuwa ameketi juu ya gunia la viazi, kofia imemfunika macho. Mimi nilikuwa namenya. Ugomvi ukiwa mtamu huwezi kuondoka, kwa hivyo viazi vilipoisha nilianza kumenya vilivyokwisha kumenywa, mpaka vingine vikabaki kama njugu.

Hii ilikuwa Munyaka, mtaa wa Eldoret, mwaka ule wa kupiga kura kwa mlolongo, wakati kila mtu alionwa na jirani zake amesimama nyuma ya nani. Kituyi na Nabwire walikuwa na chumba chao, kile cha mabati nilichowapangisha kando ya kisima. Lakini baba yake Nabwire, Mzee Nyongesa, alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Kimilili, na kwa desturi yao ya Kibukusu baba hali chakula katika nyumba ya mkwe ambaye bado hajatoa ng'ombe wa mahari. Kituyi alikuwa hajatoa hata kwato. Mzee akaletwa kwangu mimi, Nduta wa Kabiru, Mkikuyu asiyekuwa mkwe wa mtu pale, anayeitwa na wote uani Cucu, yaani bibi, na ambaye chai yake haina mwiko.

Alikunywa chai hiyo sana. Akafuta masharubu, akatoka nje kujinyoosha, na huko nje ndiko alikoiona baiskeli ya Kituyi imeegemezwa ukutani. Ni kama alikuwa ameona malaika. Alikizunguka kile kiti cha ngozi mara hii upande huu, mara hii upande ule, kama mtu aliye kwenye soko la ng'ombe. Akakigonga kwa kucha: ko, ko. Akainama akakinusa. Haki ya Mungu, alikinusa! Kumbe alipokuwa kijana alikuwa tarishi wa bwana shamba mmoja Mzungu, na kazi yake ilikuwa kupiga rangi viatu vya bwana huyo na kiti cha baiskeli yake, na hakuwahi kuruhusiwa kukikalia hata siku moja. Sasa yeye nyumbani ana baiskeli nzuri, lakini kiti chake kimefungwa gunia.

Akasema mbele yetu sote, "Kijana, habari ya ng'ombe tutaizungumza polepole. Lakini mlango wangu unafunguliwa na kiti hiki. Ukikitoa, msichana anabaki, na sisi wazee tunakaa chini. Usipokitoa, anapanda basi na mimi leo jioni."

Kituyi kimya. Kile kimya kikafura kama unga uliotiwa hamira, mpaka mimi nikaona kitapasuka. Ndipo nikasema, "Mzee, kwani huko Kimilili ng'ombe hununuliwa bila kukamuliwa? Panda kwanza ukijaribu. Nenda nacho mtaa wa Kapsoya kwa ndugu yako, urudi, ndio ujue unataka nini."

Mzee akafurahi! Akatundika koti kwenye msumari wangu, akakunja suruali, akapanda. Akaondoka akipigia kengele kila kuku wa Munyaka. Alipokata kona tu, Nabwire akamgeukia Kituyi, na hapo ndipo mlipotukuta.

"Cucu, wewe ni shahidi," Nabwire akaniambia. "Nilipokuja hapa sikujua naolewa mke wa pili. Mvua ikinyesha, huyu anavua koti. Mimi niko na ndoo kichwani, nalowa kama jogoo wa mnada. Koti linafunika nani? Linafunika kiti!"

"Ngozi ikilowa inalegea," Kituyi akasema chini ya kofia.

"Na mimi nikilowa?"

"Wewe unakauka."

Woiye! Nikaangalia mwiko. Mwiko ukapanda, ukashuka, ukarudi kwa sufuria kugeuza kuku, maana Nabwire ni msichana aliyelelewa vizuri.

Mle jikoni alikuwamo pia Waithira, mke wa Nderitu, jirani yangu. Alikuwa amekuja asubuhi kuomba chumvi, na hata sasa alikuwa hajafika kwa neno chumvi.

"Lakini kusema ukweli, Kituyi," akamwambia, "hiyo ngozi ni kujitesa. Nderitu wangu alinunua cha sponji, kina mishono myekundu na nyuzi zinaning'inia pembeni, ukikikalia ni kama umekalia mandazi. Hakipakwi mafuta, hakifunikwi, hakikazwi na spana. Kwani kuna nini kwa ngozi?"

"Cha sponji kiko wapi sasa?" nikamuuliza.

Akaivuta leso yake. "Kilipasuka."

Nitawaambia mimi kilivyopasuka, kwa sababu nilikuwako. Kile kiti cha Nderitu kilikunywa mvua ya Aprili yote bila kusema asante. Mwezi wa tano jua likatoka, Nderitu akavaa suti akapanda kwenda kanisani. Alipokaa tu, maji yakatoka pande zote mbili, fyaaa! Upande wa kulia yakanywesha sukuma wiki ya Waithira, upande wa kushoto yakajaza pipa langu, na bata wawili waliokuwa wakipita wakafikiri wamefika nyumbani. Mkitaka msiniamini, lakini ile sukuma iliota mpaka tukaikata kwa panga.

"Cucu, hao bata waliongezeka," Waithira akasema. "Juzi alikuwa mmoja."

"Walizaana."

Sasa niwaambie huyu Kituyi ni mtu wa namna gani, maana nimekaa naye uani miaka mingi, na mimi shule niliiona kupitia dirisha tu, lakini mtu nikimwangalia anavyotembea najua alikotoka.

Kituyi alikuja Eldoret akiwa kijana kupalilia mahindi ya watu. Nyumbani kwao, akijifunza kulima kwa maksai, ng'ombe mmoja aliteleza akamwangukia kwenye nyonga. Mfupa ulipona lakini ulipona ulivyotaka wenyewe. Tangu hapo upande wa kushoto umekaa chini na wa kulia umekaa juu, kama mizani ya duka ambayo mwenye duka ameichezea. Akitembea mbali, nyonga inalia. Kupalilia kukamshinda. Akapata kazi ya mkate: kuna mwoka mikate mjini aliyempa baiskeli, ile nyeusi nzito, na kreti ya mbao nyuma, apeleke mikate maduka ya Munyaka na Kapsoya kabla watu hawajaamka kutafuta chai.

Kazi nzuri, lakini viti vilimkataa. Cha kwanza kilikuwa cha plastiki, cha pili cha sponji kama hicho cha bata. Kila kimoja kilikuwa kimetengenezewa mtu aliyelingana pande mbili. Akifika Kapsoya nyonga imefunga, wenye maduka wanamshusha pamoja na kreti. Siku moja walisahau nani ni mkate, wakamweka Kituyi kwenye rafu, na mama mmoja akaja akamfinya kuona kama ni wa leo. Yule mwoka mikate akaanza kumwangalia kijana mwingine.

Ndipo fundi Ogola, Mjaluo mmoja mwenye kibanda cha baiskeli kando ya soko, alipomwonyesha kile kiti cha ngozi. Kilikuwa kimetoka kwa baiskeli ya Mzungu wa mashamba ya ngano aliyerudi kwao, na kilikuwa hakijakaliwa hata mara moja, kwa sababu Mzungu mwenyewe alikiogopa. Ogola akamwambia, "Ndugu yangu, hiki mwanzoni kitakupiga. Kipake mafuta ya ng'ombe kwa chini, usikiache kwa mvua, kikilegea kaza hii skrubu ya mbele kidogo kidogo. Wewe vumilia tu. Kitakusoma."

Na kiti kilikuwa kigumu, watu wangu! Kuku wangu mmoja mweusi alirukia pale juu akataga. Yai likagonga ngozi, likaruka, likanipita hapa sikioni, na kabla halijaanguka kifaranga kilikuwa kimetoka kimeanza kula. Kituyi alikikalia hivyo hivyo. Asubuhi alikuwa akipanda anaimba wimbo wa kanisa, mstari wa kwanza tu, kwa sababu wa pili ulikuwa hautoki. Jioni anakipaka mafuta. Harufu ya mafuta ikaita mbwa wote wa Kapsoya, wakawa wanamsindikiza kama waziri, mpaka ikabidi usiku akilaze ndani ya nyumba. Hicho ndicho Nabwire alichokikuta akakiita mke mwenza.

Lakini kidogo kidogo ngozi ikaanza kushuka. Upande wa kushoto ikazama kama bakuli, upande wa kulia ikabaki juu kama kilima cha fuko. Ukikiangalia kutoka nyuma unasema hiki kiti kimelewa. Lakini Kituyi akikipanda, yule mtu wa mizani mbovu anakaa sawasawa kama rula. Nyonga ikanyamaza. Akawa anafika Kapsoya anapiga mluzi. Siku moja gari la mikate liliharibika, akapeleka kreti mpaka mji wa Burnt Forest, vilima vyote vile, na mikate ilifika ikiwa moto kuliko ilivyotoka kwa oveni, kwa ule mwendo. Nilimuuliza siku hiyo kama kiti hakikumchoma. Akaniambia, "Cucu, kiti gani? Nilisahau kama nimekaa."

Kwa hivyo mtu akiniuliza kama ngozi inafaa, mimi namuuliza: unafaa wewe? Unaweza kupigwa na kitu mwaka mzima na bado jioni ukakipaka mafuta? Kama huwezi, nunua sponji, ufuge bata.

Na sasa mnajua Kituyi alikuwa amewekewa nini mbele yake na Mzee Nyongesa. Akitoa kiti, mkate umekwenda. Asipotoa, Nabwire amekwenda.

"Sasa sema," Nabwire akamwambia, na sauti ilikuwa imeshuka, na sauti ya mwanamke ikishuka ndiyo uogope. "Mimi sitaki maneno mengi. Ulinyamaza kwa sababu unakipenda hicho kiti kuliko mimi, au kwa sababu gani?"

Kituyi akavua kofia. Uso umeiva. "Nilitaka kumwambia kwamba hakitamfaa."

"Si ungesema!"

"Ningesema vipi? Kile kiti kimechimbika mahali pangu. Pale nilipo mimi ni shimo, pale nisipo ni kilima. Mtu mwingine akikikalia, kile kilima kitakuwa... yaani kitamwingia..." Akasimama, akaketi tena. "Sasa nimwambie hivyo? Yule ni baba mkwe wangu! Nisimame pale mbele ya watu nitaje mahali pake pa kukalia? Na nitaje na pangu?"

Hata sufuria ikapunguza kelele.

Mnajua mambo ya ukwe. Kwa hawa watu, mkwe na baba mkwe wanazungumza mvua, wanazungumza mahindi, wanazungumza serikali kidogo wakiwa peke yao. Kutoka mshipi kwenda chini, dunia imeisha. Nimewahi kuona Mbukusu mzima akizunguka nyumba nzima ili asipite karibu na kamba iliyoanikwa suruali ya baba mkwe. Kituyi angetaja yale makalio, hata kwa heshima, hata kwa Kiingereza, angekuwa amejifungia mlango ambao kiti kilikuwa kikiufungua. Na angekataa tu bila sababu, baba mkwe hanyimwi. Alinyamaza kwa sababu kila neno la kweli lilikuwa limekaliwa na mzee.

"Mbona hukuniambia mimi?" Nabwire akauliza.

"Wewe ni binti yake. Ungemwambia wewe?"

Nabwire akageuza kuku ambaye alikuwa tayari amegeuzwa. Waithira alikuwa ameziba uso kwa leso, mabega yanatetemeka, na haikuwa huzuni.

Kituyi akatoa spana mfukoni, ile ndogo ya kukazia ngozi. "Lakini sikiliza. Akirudi, nakifungua nampa. Na spana hii nampa. Kikimuumiza, atasema nilimpa kitu kibaya, basi aseme. Wewe utakuwa umebaki."

"Na mkate?"

"Nitasukuma kwa miguu."

"Mpaka Kapsoya? Na nyonga hiyo?"

"Nyonga ni yangu."

Nabwire akaweka mwiko chini. Kisha akaja akaketi naye juu ya gunia la viazi, karibu sana, hata viazi vikalalamika. "Usikitoe," akasema.

"Nakitoa."

"Nimesema usikitoe! Baba akisema tupande basi, nitaketi chini pale stendi. Aniburute."

"Nabwire, nimesema nakitoa na nimekwisha."

"Wee Kituyi, una kichwa kigumu kama hicho kiti chako!"

"Ngai!" Waithira akasema, akiondoa leso usoni. "Sasa hawa wanagombana nini tena? Si huyu alitaka kitolewe, na huyu hakutaka?"

"Wamebadilishana," nikamwambia. "Hiyo ndiyo ndoa. Keti."

"Lakini mtu lazima amwambie mzee," Waithira akasema. "Si mkwe, si binti. Mtu ambaye hana haya."

Wote watatu wakaniangalia mimi. Nilijisikia vizuri sana.

"Nitamwambia," nikasema. "Mimi ni mzee mwenzake, mimi si wa ukoo wake, na tangu mume wangu Kabiru afariki ulimi wangu hauna askari. Nitaanza na heshima. Nitasema, Mzee Nyongesa, wewe umeona ngozi inang'aa, lakini kile si kiti, ile ni picha ya mtu."

"Na akiuliza picha ya nini?" Waithira akauliza.

"Nitamwonyesha."

Nikachukua viazi viwili, kimoja kikubwa kama kichwa cha mtoto, kingine kile nilichokimenya kikabaki njugu. Nikaviweka kwenye benchi, kikubwa upande wa kulia, kidogo upande wa kushoto. Nikapandisha leso yangu, nikapanda ile benchi kama mtu anayepanda baiskeli, nikakamata usukani wa hewa.

"Sasa mnamwona," nikasema. "Mzee anatoka hapa Munyaka, ng'ri ng'ri, anasalimu kuku. Barabara nzuri, anatabasamu. Anafikiria yule bwana shamba wake, anasema laiti angekuwa hai anione! Sasa anafika pale kwenye mawe..." Nikaruka. "Yuuu! Anaangalia nyuma, anafikiri ameumwa na nyuki. Anahamia kushoto. Kushoto ni shimo, anateleza. Anarudi kulia. Kulia ndiko nyuki anakoishi!" Nikaruka tena, viazi vikagongana. "Sasa anasimama kwa pedali, lakini pale ni kilima, na miguu ni ya mzee, lazima akae. Lazima! Anakaa kidogo kidogo, hivi, kama mtu anayekalia maji moto ya..."

Nabwire alikuwa amemlalia Kituyi begani, anacheka mpaka machozi yanamdondokea kwenye shati. Kituyi mwenyewe, ambaye hakupaswa hata kusikia maneno haya, alikuwa amerudisha kofia usoni, na kofia yote inatikisika. Waithira alikuwa amelala juu ya meza.

"Anafika kwa ndugu yake Kapsoya," nikaendelea, "ndugu anamwambia karibu ndani, ukae. Anasema hapana, ndugu yangu, nikikaa mimi leo..."

Waithira aliacha kucheka ghafla.

Nikageuza shingo. Mlangoni alikuwa Mzee Nyongesa.

Kengele hatukuisikia, kwa sababu baiskeli alikuwa ameisukuma. Ilikuwa nyuma yake, ameishika usukani kwa mkono mmoja, mbali naye kidogo, kama mtu aliyeshika kamba ya fahali asiyemwamini. Suruali bado imekunjwa, jasho linamshuka kwenye masharubu, na miguu yake imesimama mmoja huku na mwingine kule, kama kulikuwa na mtaro katikati yake na yeye hakutaka kuutumbukia. Aliniangalia mimi juu ya benchi. Akaviangalia vile viazi.

Nilishuka polepole, nikavitia sufuriani vyote viwili.

Nabwire akaruka, akafuta stuli kwa kanga. "Karibu, Baba. Keti, utakuwa umechoka."

Mzee akaiangalia ile stuli jinsi mtu anavyomwangalia nyoka aliyekauka njiani, kwamba labda amekufa na labda hajafa.

"Nitasimama," akasema. "Naangalia mlima."

Kutoka jikoni kwangu hauonekani mlima wowote. Unaonekana ukuta wa Waithira.

Kituyi akainuka kutoka kwenye gunia. Akavua kofia, akaishika spana kwa mikono miwili, kama watu wa kwao wanavyompa mkubwa kitu, akainamisha kichwa.

"Baba," akasema, "kuhusu kile kiti cha ngozi..."

"Kiti gani?" akasema Mzee Nyongesa. "Niletee koti langu. Mimi nilikuja mambo ya ng'ombe."